Tanga la Pima Tatu

Fundi aliposwa kwa suruali. Wengine hupelekewa barua, wengine hupelekewa wazee. Yeye aliletewa suruali ya kaki iliyochanika goti, akaishona. Baada ya wiki tatu mwenyewe akarudi nayo, imechanika pale pale. Akaishona tena. Ilipoletwa mara ya nne, Fundi aliipeleka dirishani, akaitazama vizuri, akaona lile tundu halikuchanika bali limekatwa, tena kwa mkasi butu.

"Bwana," akamwuliza, "goti lako limeota meno?"

Mwenye suruali alikuwa mlinzi wa mnara wa taa, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Alitazama sakafu iliyojaa vipande vya nyuzi.

"Kisiwani kwetu hakuna fundi," akasema.

"Basi hamia huku."

"Siwezi kuiacha taa." Akakohoa. "Nilifikiri labda fundi ndiye ahamie."

Fundi alicheka mpaka akajichoma sindano, na hapo ndipo mambo yalipoiva.

Lakini kuposwa ni jambo moja na kuolewa ni jambo jingine. Msaidizi aliyekuwa akimshikia Mlinzi zamu alistaafu, na mwingine hakuletwa, kwa hiyo Mlinzi hakuweza tena kulala nje ya kisiwa hata usiku mmoja. Ndoa ingebidi iandikwe huko huko. Naye msajili wa ndoa alikwenda kisiwani mara moja tu kila miezi mitatu, kwa boti ya serikali yenye mashine. Alifika asubuhi, akaandika ndoa, vizazi na vifo vya kisiwa kizima, na ilipogonga saa nane mchana akaondoka, kwa sababu baada ya hapo maji hupwa na mlango wa kisiwa, ule mfereji wa kuingilia boti, hubaki mchanga mtupu.

Mara ya kwanza msajili aliumwa jino, hakwenda. Mara ya pili boti ya abiria iliharibika mashine, na Fundi akabaki gatini amekalia sanduku lake, maua yakimnyaukia kichwani. Sasa ilikuwa mara ya tatu. Chumba chake cha kushonea alikuwa ameshakirudisha kwa mwenyewe, na fundi saa wa mlango wa pili alikuwa ameshatoboa ukuta ili apanue duka lake. Mara hii Fundi hakuwa na pa kurudi.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," alisema kaka yake. "Sikuachi tena mikononi mwa boti za watu. Nitakuundia yako. Ndiyo zawadi yangu."

Kaka alikuwa seremala wa boti. Alikuwa mrefu kiasi kwamba watu walisahau jina lake wakamwita Mlingoti, na alipoingia chumbani kwa Fundi ilibidi ainame kama anayesalimia watoto. Aliunda boti kwa jicho na kwa mwili wake: mbao alizipima kwa mkono, mapengo kwa kidole, na hakupata kuijua penseli iliko. Siku alipokuja kumwagiza tanga alisimama katikati ya vitambaa akasema, "Pima tatu kwenye foromali, ule mti wa juu unaobeba tanga. Ukingo wa nyuma nao pima tatu."

"Nipe kwa futi, kaka."

"Futi!" Mlingoti aliutazama utepe wa kupimia uliokuwa ukining'inia shingoni mwa dada yake. "Huo ni wa mashati. Mambo ya baharini hupimwa kwa mwili. Nyoosha mikono yako, toka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole, hiyo ndiyo pima. Hata baba alipima hivyo."

Fundi alikuwa ameshona kwa miaka thelathini bila kukosea pindo, lakini bahari aliiheshimu. Basi kwa mara ya kwanza akauvua utepe akautundika msumarini. Akakitandaza kitambaa kizito cha marekani sakafuni mpaka mlangoni, akanyoosha mikono, akapima. Moja. Mbili. Tatu. Akajiona baharia.

Asubuhi ya safari, saa kumi na mbili kasoro, walikuwa watatu pwani: Fundi, Mlingoti, na wifi yake Fundi, yaani mke wa Mlingoti, aliyekuja kuwa shahidi na ambaye hakuwahi kuikosa harusi wala kukubali kwamba alikula sana. Boti ilikuwa ndogo na nzuri, bado inanuka lami na maranda. Ndani yake walipakia sanduku la shuka, mtungi wa maji, chakula cha njiani, na cherehani ya mkono ya Fundi iliyofungwa blanketi kama mtoto mgonjwa.

Mlingoti akalifunga tanga kwenye foromali. Alianza upande wa mbele, akafunga kwa furaha akipiga mluzi. Kadiri alivyosogea nyuma, mluzi ukapungua. Akafika mwisho wa tanga. Foromali haikuwa imefika mwisho. Ilibaki uchi, ndefu zaidi ya mguu wa mtu.

"Hii nini?" akauliza.

"Tanga," akasema Fundi.

"Nilikwambia pima tatu."

"Ni pima tatu. Nimepima mwenyewe, hivi." Akanyoosha mikono.

Mlingoti akamtazama dada yake, ambaye kichwa chake kilimfikia kifuani. Akanyoosha na yake. Wakasimama hivyo mchangani, mikono wazi, kama ndege wawili wa mama mbalimbali.

"Pima yangu, si yako!" akapiga kelele Mlingoti.

"Ulisema nyoosha mikono yako! Yako, yako! Sikuambiwa niazime ya mtu!"

"Kuuliza si ujinga, dada."

"Niliuliza! Nikasema nipe kwa futi, ukasema futi ni za mashati!"

Wifi alikuwa ameshapanda botini na kukalia sehemu nzuri. Aliitazama foromali, akalitazama tanga. "Msigombane," akasema. "Boti imevaa kaptula tu. Kuna joto, itapendeza."

Hakukuwa na kitambaa kingine wala muda wa kukitafuta. Maji yalikuwa yameanza kuwasukuma. Mlingoti akapiga hesabu yake. Kwa tanga kamili wangefika saa sita mchana, wakale, wakanawe uso, wakaandikishwe. Kwa hili, nani ajuaye. "Twende," akasema. "Heri kaptula kuliko uchi."

Wakatoka.

Na lo, kulikuwa na asubuhi! Jua lilipanda nyuma ya minazi likamwaga rangi juu ya maji, na maji yakawa kijani penye mchanga na buluu nzito penye miamba, hivi kwamba Fundi, mtu wa vitambaa, alianza kuhesabu: hii hariri, hii pamba, hii ile poplini ambayo wateja hugombania. Upepo ulitoka ubavuni, mwanana. Samaki wadogo waliruka mbele ya omo, pua ya boti, kama sindano zilizomwagika. Mlingoti alikaa nyuma ameshika usukani, na ingawa alikuwa amenuna, mguu wake mmoja ulikuwa ukicheza wenyewe. Boti aliyoiunda haikuvuja hata tone.

"Inakwenda kama bibi harusi," akasema Wifi.

"Vizuri?" akauliza Mlingoti.

"Polepole."

Kisha mawimbi ya nje yakamjia Wifi, akainama ubavuni kuwalisha samaki.

Njiani kulikuwa na mwamba mmoja mkubwa wenye mgongo kama wa ng'ombe aliyelala. Mwamba huo ulikuwa nusu ya safari kamili, na Mlingoti alikuwa amekusudia kuupita saa tatu. Saa tatu ulikuwa bado mbele, mdogo kama kifungo. Saa nne ulikuwa kama kiatu. Walipoupita, Fundi akaitazama saa ya mkononi mwa Wifi: saa nne na nusu. Hakuhitaji kuambiwa. Mtu aliyekata magauni maisha yake yote anajua kugawanya.

"Tutafika saa tisa," akasema.

Mlingoti akaukaza usukani.

"Kaka. Saa tisa maji yamekwisha na msajili amekwenda."

"Upepo unaweza kuongezeka."

"Na msajili anaweza kuumwa jino tena akabaki. Usinibembeleze, mimi si mtoto."

Fundi akageukia mbele. Akilini alimwona Mlinzi amesimama gatini na suruali yake ya kaki iliyopigwa pasi, akitazama mlango wa kisiwa ukikauka. Angesema tu, "Haidhuru, mara nyingine." Hilo ndilo lililomkera. Angekuwa mtu wa kulalamika, ingekuwa nafuu.

Akavuta sanduku. Akalifungua. Juu kabisa zilikuwa shuka tatu kubwa za kitanda, nyeupe, alizozishona kwa miezi sita ya kungoja, kila moja imetariziwa kwa uzi mwekundu.

"Unatafuta nini?" akauliza Wifi, uso umekuwa rangi ya ndizi mbichi.

"Futi tatu na robo tatu."

"Za nini?"

"Za tanga. Kaka, simama unyooshe mikono."

"Dada, hizo ni shuka. Upepo utazipasua kama karatasi."

"Nikizikunja mara mbili, nikapiga mishono mitatu sambamba, hazipasuki. Nimeshona magunia, nimeshona mahema ya maonyesho, nimeshona sidiria ya mama muuza samaki unayemjua. Hakuna upepo wenye nguvu kama huyo mama. Simama."

Mlingoti akasimama, usukani ameushika kwa goti. Fundi akauvua utepe shingoni, akampima kutoka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole. Futi sita na inchi mbili. Akajipima mwenyewe: futi tano kasoro inchi moja. Kwa kila pima, futi moja na inchi tatu zilikuwa zimebaki kwenye ufupi wake; kwa pima tatu, zile zile futi tatu na robo tatu alizozikisia kwa jicho.

"Shuka za harusi!" Wifi alilia. "Wifi yangu, utalalia nini leo?"

"Shuka bila bwana ni matambara ya kufutia vumbi. Nikimpata bwana, godoro nitaona."

Mlingoti alifikiri. "Tukilishusha tanga, tunasimama. Ukikaa nalo zaidi ya nusu saa, hata likirudi kubwa halitusaidii."

"Piga makasia, basi, tusisimame."

Likashushwa. Blanketi likafunguliwa, cherehani ikawekwa juu ya ubao wa katikati na kufungwa kwa kamba isikimbie. Fundi akabadilisha sindano, akatia ile nene. Tatizo likawa moja: kitambaa kilikuwa kizito mno, kilitaka mikono miwili, na cherehani ya mkono inataka wa tatu.

"Dada," Fundi akamwambia Wifi, "zungusha."

"Mimi ninakufa."

"Kufa huku unazungusha."

Wifi akashika mpini, akazungusha. Mwanzoni alikwenda kwa kwikwi, mishono ikatoka mirefu na mifupi kama meno ya mzee mwenye mapengo. "Sawasawa! Kama unasaga mahindi!" Fundi akamfokea, na Wifi akafokea mpini, na baada ya kitambo akapata mwendo, na alipopata mwendo akasahau kuumwa. Krr-krr-krr, ikalia cherehani katikati ya bahari. Mlingoti alipiga makasia, jasho likimtiririka, tanga likimpita mabegani na kichwani mpaka akawa sauti tu inayotoka ndani ya nguo. Pomboo watatu walijitokeza karibu, wakapumua, wakachungulia kama wateja waliokuja kuuliza kama nguo zao ziko tayari.

"Bado!" Wifi aliwaambia. "Njooni Ijumaa!"

Mshono wa kwanza ukafika mwisho, wa pili, wa tatu. Kwenye kona ya chini, ambapo kamba huvuta kwa nguvu, Fundi alihitaji ngozi. Akamtazama kaka yake kiunoni. Mlingoti akavua mkanda bila kuambiwa, suruali akaifunga kwa kamba, na kile kipande cha ngozi kikashonwa kwa mkono, uzi umepakwa nta, Fundi akivuta kwa meno.

Saa tano kamili tanga likapanda. Likajaza foromali mpaka ncha. Kwanza lilitikisika, likapiga kelele pa-pa-pa, na Fundi akafumba macho. Kisha likakaa. Likatuna, nusu rangi ya unga wa mtama na nusu jeupe kama maziwa, na boti ikainama ubavu ikaruka mbele hata Wifi akaanguka chali juu ya blanketi.

"Eeeh!" Mlingoti akapaza sauti. Kununa kote kulikuwa kumeanguka majini. "Eeeh, mama yangu! Sasa inakwenda! Shikeni vikombe!"

Povu lilikimbia pande zote mbili. Maji yaliwarukia, vuguvugu, yenye chumvi, na Fundi akajikuta anacheka peke yake, mdomo wazi, mikono yote miwili imeshika ubao. Hakujua kwamba kitu alichokishona yeye kinaweza kuwavuta watu watatu namna ile. Magauni yake yote yalikuwa yametembea kwa miguu ya watu wengine.

Hakuna aliyekumbuka tarizi mpaka walipokutana na wavuvi wawili kwenye ngalawa. Wavuvi walitazama juu. Wakatazamana. Mmoja akasimama akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, maana herufi zilikuwa nyekundu na kubwa: "KA-RI-BU M-PE-NZI."

"Ahsante!" akaitikia mwenzake. "Tunakuja!"

"Mmechelewa!" Wifi akawajibu, mikono kiunoni, mzima kabisa sasa. "Amepatikana! Ila mna samaki?"

"Tunao!"

"Basi harusi ni mnarani, leo! Leteni na ndimu!"

Fundi alijifunika uso kwa mikono. Shuka ilikuwa ya chumbani, na sasa ilikuwa ikisomwa na bahari nzima.

Mnara ulionekana saa saba, kidole cheupe. Ukakua. Saa saba na nusu waliweza kuona dirisha lake. Lakini maji nayo yalikuwa yamegeuka. Yalikuwa yakitoka kisiwani kuja kuwapinga, na boti iliyokuwa ikiruka sasa ilipanda kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Mlingoti akaacha kuimba. Fundi hakuitazama tena saa ya Wifi. Aliutazama mlango wa kisiwa, ule mfereji mwembamba kati ya mafungu mawili ya mchanga, na mafungu yalikuwa yakinenepa mbele ya macho yake.

Wakiwa bado mbali na mfereji kiasi cha mwito wa sauti, walisikia mashine. Boti ya serikali ilikuwa inatoka.

"Saa nane na dakika tano," Wifi akasema, kwa sauti ndogo isiyokuwa yake.

"Msajili!" Fundi akasimama. Boti ikayumba. "Msajiliii! Ngoja! Bibi harusi niko huku!"

Wakapaza wote watatu, kila mmoja na lake, Mlingoti akipunga kasia. Kisha Fundi akanyamaza ghafla, kwa sababu mle ndani ya boti ya serikali mtu wa pili alikuwa amesimama kando ya msajili, mabega mapana, suruali ya kaki, naye pia alikuwa akipunga mikono kama anayefukuza nyuki.

Mashine ikazimwa. Boti mbili zikagusana pale pale kwenye mdomo wa mfereji, na Mlinzi akazishika zisiachane, mkono mmoja huku, mmoja kule.

"Nilikuona kwa darubini tangu saa saba," akamwambia Fundi. Alikuwa akihema kama aliyekimbia ngazi zote za mnara. "Nikamwambia msajili nitamsindikiza mpaka mlango wa kisiwa. Tusipokukuta hapo, nitarudi kwa kuogelea."

"Unajua kuogelea?"

"Kidogo."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyopata kusema kwa mkupuo.

Msajili alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyojaa chumvi. "Jamani, mimi nina moyo," akasema, "lakini kuna sheria. Ndoa hii ni ya kuandikwa ndani ya eneo la kisiwa. Hapa tuko baharini."

Wote wakamtazama nahodha wa boti ya serikali, ambaye alikuwa akiyatazama maji yakipungua.

"Bwana msajili," akasema nahodha, "baada ya saa moja hapa tulipo ni mchanga mtupu, na watoto wa kisiwa watakuja kuchezea mpira. Kama si kisiwa, ni nini? Andika upesi, mchanga wa chini naanza kuuona."

Msajili akachungulia majini. Akaona mchanga, na kaa mmoja anayekwenda zake. Akafungua daftari juu ya magoti.

Akauliza majina, akayaandika. Kazi? Mlinzi wa taa. Kazi? Fundi. Umri wa bwana? Hamsini na saba. Umri wa bibi?

Wifi akaacha kupangusa uso. Kwa miaka ishirini alikuwa akiupeleleza umri huo, na sasa akainamisha sikio lote. Fundi akajinyoosha kati ya boti mbili, akamnong'oneza msajili.

"Hamsini na nne?" msajili akarudia kwa sauti, maana mashine ilikuwa imempunguzia masikio.

"Hamsini na nne!" Wifi akaruka. "Mimi nina hamsini na moja! Miaka yote umekuwa ukiniita dada, kama mkubwa wako!"

"Niliona ni heshima," akasema Fundi.

"Mashahidi, tieni sahihi," akasema msajili, "mtagombana nchi kavu."

Wakatia sahihi. Ya Mlingoti ilikuwa ndefu, ya Wifi ilikuwa na hasira, ya Mlinzi ilikuwa imara kama mnara. Ya Fundi ilipinda katikati kwa sababu ya wimbi, na msajili akasema wimbi si kosa kisheria. Kisha akafunga daftari, mashine ikawaka, na boti ya serikali ikakwangua mchanga, ikateleza, ikatokea kwenye maji mengi, nahodha akipiga honi mpaka ikakaukiwa sauti.

Mlinzi alikuwa ameshavuka akasimama katika boti ya mkewe, akikanyaga kwa uangalifu kama mtu aliyeingia chumba kilichodekiwa sasa hivi. Mlingoti akashusha tanga, wakasukuma kwa makasia, wakaenda hatua thelathini hivi, na boti ikakaa juu ya mchanga. Ikatulia kabisa. Maji yalikuwa ya magotini, na mnara uko pale mbele, na taa ilikuwa ikingoja kuwashwa kabla jua halijazama.

"Tungoje maji yarudi," akasema Mlingoti.

"Yatarudi usiku," akasema Mlinzi. Akakunja suruali, akashuka majini. Akamnyooshea Fundi mkono. Fundi akakunja gauni lake la harusi mpaka magotini, akashuka. Maji yalikuwa ya moto kama ya kuogeshea mtoto. Mlingoti naye akashuka upande wa pili, akashika kamba. Boti ilipopunguziwa watu watatu ikaelea kidogo, ya kutosha kuvutwa.

"Umechoka?" Mlinzi akamwuliza mkewe.

"Nimekaa kitako tangu asubuhi. Wewe?"

"Mimi nimesimama miezi sita."

Fundi akashika kamba karibu na mkono wake, wakavuta. Nyuma yao Wifi alikuwa amebaki peke yake botini, amekaa juu ya sanduku, miguu mikavu, kama malkia aliyesahauliwa na walinzi wake.

"Na wewe shuka, mama watoto, utupunguzie uzito!" Mlingoti akamwambia.

"Mimi?" akasema Wifi. "Dada wa bibi harusi? Vuteni, vuteni. Mimi ni mgeni."